Namba ya Shemeji Si Dhamana ya Mkopo

Sokoni Kiboriloni, kwenye mitumba ya Moshi, jina ni mtaji. Anayefungua belo mara nyingi amechukua mzigo kwa ahadi ya kulipa akishauza, na ahadi inakubalika kwa sababu wenzake wanamfahamu.

Tuseme mama mmoja hapo amekopa laki moja kwa simu. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe hauishii kwake. Unamfikia shemeji yake aliyeko Marangu, mwalimu wa mwanawe, mteja wake wa Himo: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Kabla jua halijazama hakuna anayemkopesha hata shati.

Wakopeshaji walizipataje namba hizo? Programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, naye akakubali, maana bila hivyo mkopo hautoki. Aibu ikawekwa rehani, na waliobebeshwa udhamini hawakuulizwa.

Deni lilipwe, hilo halina ubishi. Lakini shemeji hakukopa! Namba yake si mali ya mkopaji, sembuse ya mkopeshaji, na kumtumia kama fimbo ya kumchapia ndugu yake ni dhuluma.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ilikuwa hatua njema, ila kumfungia mkopeshaji hakufuti majina aliyokwisha kuyachota. Kenya imegusa mfuko: Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za huko, kwa kutumia namba za watu wengine kutuma vitisho.

Tanzania nayo ina meno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sasa Tume iyafuate masoko kama Kiboriloni, ipokee malalamiko papo hapo, na iwataje hadharani wanaoadhibiwa. Shemeji wa Marangu asingoje mdaiwa amsemee. Ana haki ya kulalamika mwenyewe. Asifute ule ujumbe: autunze pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, maana huo ndio ushahidi wake.