Kwanza Kipimo

Katika vikundi vyetu hakosekani anayesema kwamba simu huunguza ubongo, wala hakosekani anayemcheka. Sisi tunaona kwamba wote wawili wameliacha swali la lazima: ni nani aliyepima?

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama mionzi ya eksirei; athari yake iliyothibitishwa ni kuupasha mwili joto. Ndiyo maana mataifa yaliweka mipaka ya nguvu inayofyonzwa na mwili: Marekani wati 1.6 kwa kilo. Ulaya wati 2 kwa kichwa na kiwiliwili, na 4 kwa mikono na miguu. Mwaka 2011, chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachochunguza saratani kiliyataja mawimbi hayo kuwa huenda yakasababisha ugonjwa huo. “Huenda” si hukumu; ni sababu ya kuendelea kuchunguza.

Lakini sheria isiyo na mpimaji hubaki maandishi. Septemba 2023, Ufaransa iliipima iPhone 12, iliyokuwa sokoni tangu 2020, ikakuta wati 5.74 mahali palipotakiwa zisizidi 4. Uuzaji ukasimamishwa hadi kampuni iliporekebisha programu yake.

Nasi huku Kongo? Hadi 2022 wenye simu walitozwa malipo ya RAM, kwa hoja ya kupambana na simu bandia na za wizi. Malipo yamekoma, lakini hoja ingali hai. Maskini anayenunua sokoni simu isiyojulikana ilikotoka anastahili kipimo kilekile anachopata mnunuzi wa Paris. Haki hiyo tuidai kwa utulivu, bila kueneza hofu.

Tunapongoja, busara haigharimu kitu. Mtandao ukiwa dhaifu, simu huongeza nguvu yake. Basi tufupishe mazungumzo, au tutumie spika, kwa kuwa hata umbali mdogo kutoka kichwani hupunguza sana mawimbi yanayoufikia mwili. Na anayeendesha pikipiki huku simu iko sikioni asihangaike na mawimbi: hatari iliyo karibu naye zaidi ni barabara iliyo mbele yake.

Tusiogope kwa kusikia, wala tusipuuze kwa mazoea. Tuulize kipimo.