Bastola haivuki mpaka

Familia nyingi za Burundi zina ndugu Marekani. Kuanzia mwaka 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuzeekea katika kambi za Tanzania walipokelewa na nchi hiyo. Wengine walirudi Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura. Wao wakapanda ndege. Leo simu zimetuunganisha tena. Katika picha wanazotutumia, pamoja na za harusi na za watoto wakiwa shuleni, utamwona pia kijana amevaa viziba masikio na miwani, ameshika bastola kwa mikono miwili, mbele yake karatasi yenye duara. Anacheka. Amenunua bastola yake ya kwanza, na Jumamosi anakwenda kulenga shabaha kama sisi tunavyokwenda kutazama mpira.

Kutokana na picha hizo limezuka swali ambalo wafanyabiashara wa mpakani wanaulizana: kama yeye anaruhusiwa, mimi ninayepita Gatumba na Kobero na fedha mfukoni nina kosa gani? Naomba tulijibu swali hili bila kumcheka anayeuliza, kwa sababu hofu yake ina msingi.

Barabara zetu zina kumbukumbu mbaya. Tarehe 28 Desemba 2000, basi la Titanic Express lililokuwa likitoka Kigali lilishambuliwa likiwa karibu kufika Bujumbura, wakauawa watu 21. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 waliuawa usiku mmoja katika kambi ya Gatumba, mahali ambapo leo mama wa vitenge na kijana wa samaki wanapita kila wiki. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu, na Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira. Makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuja kwetu, baadhi yao wakipita katika maji ya mto Rusizi. Mtu aliyeyaona hayo akitamani kuwa na kitu cha kujilinda, nani atamlaumu?

Hata hivyo, katika swali lile mambo mawili yamechanganywa, nayo ni mchezo na hofu. Kila moja lina jibu lake.

Tuanze na mchezo. Kulenga shabaha ni mchezo wa heshima, umo katika Olimpiki tangu Athens mwaka 1896. Wengi wetu tuliufahamu Julai 2024 kwenye Michezo ya Paris, pale Mturuki Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51, aliposimama mkono mmoja mfukoni, bila vifaa vya kifahari, akapata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Wachache walioitazama walijua kwamba bastola aliyoshika inatumia hewa iliyoshindiliwa. Kirisasi chake kina milimita 4.5, shabaha iko mita 10, na duara la katikati lina upana wa milimita 11.5 tu, karibu sawa na kifungo cha shati.

Anayeujua mchezo huu atakwambia raha yake haimo katika mlio. Raha yake ni utulivu. Unasimama, unapunguza pumzi, unaiacha mikono itulie, unakivuta kifyatulio polepole kama mtu anayevuta uzi asitake ukatike. Ukiwa na hasira, unakosa. Ukiwa na haraka, unakosa. Na kabla ya hayo yote mwalimu amekufundisha kanuni ambazo hazina msamaha: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wake usimwelekee mtu hata kwa mzaha, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka wakati wa kupiga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Majirani zetu wa Kenya wanao uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, ambako raia wenye vibali hufanya mazoezi na mashindano.

Lakini tazama kinachouzunguka mchezo huo. Kuna uwanja wenye kingo za udongo, kuna msimamizi, kuna daftari, kuna kibali. Kenya yenyewe, pamoja na mazoea yake ya muda mrefu, mwezi Desemba 2018 iliwaamuru raia wote wenye silaha za vibali wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Tanzania katika sheria yake ya 2015 iliweka umri wa miaka 25 kabla raia hajamiliki silaha. Huko Marekani ambako watu husema kila kitu ni ruhusa, duka lenye leseni haliwezi kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21, na jina la mnunuzi linachunguzwa kwanza. Kijana wetu anayecheka pichani alipitia mlango huo. Picha haikuonyesha mlango, ilionyesha kicheko tu.

Sasa tuje kwenye hofu. Mfanyabiashara anayetaka bastola hatafuti medali. Anataka kufika nyumbani na fedha zake. Je, bastola itamfikisha?

Kwanza kuna mpaka wenyewe. Sheria ya Burundi ya Agosti 2009 kuhusu silaha ndogondogo inataka raia awe na kibali cha mamlaka. Tuseme umekipata. Kibali hicho kinakwisha nguvu kwenye kizuizi cha Gatumba. Ukikanyaga upande wa Kongo, wewe si mfanyabiashara tena, ni mgeni mwenye silaha katika eneo la vita, na unajua askari wa huko wanavyomtazama mtu wa namna hiyo. Ukivuka Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu na Kigoma, umeingiza silaha katika nchi ya watu bila ruhusa yao. Mwaka 2004 nchi za ukanda huu, Burundi ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ili kuzuia silaha ndogo kuhamahama mipakani. Kwa hiyo safari inapokuwa na hatari zaidi, ndipo bastola yako inapogeuka kuwa kosa. Utaiacha nyumbani, nawe utakwenda mikono mitupu kama zamani, au utaificha kwenye mzigo, na siku mzigo ukifunguliwa utapoteza bidhaa, uhuru na jina.

Pili kuna anayekusubiri njiani. Bastola ni silaha ya karibu, mita 25 hivi, na mkono unaotetemeka huipunguzia hata hizo. Mwizi wa barabara za huku huja na Kalashnikov yenye risasi 30, inayofika mita 300, na mara nyingi haji peke yake. Au huja na guruneti, ambalo halihitaji shabaha. Akikuta kitambi cha fedha, atachukua fedha. Akikuta bastola, atakuona wewe ni adui na si mteja wa njia, kisha ataondoka na fedha na bastola, na kesho bastola hiyo itamngoja mwenzako. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe.

Tatu kuna nyumbani, na hapa naomba waliorejea wanisikilize zaidi. Bastola hulala nyumbani usiku mwingi kuliko inavyolala safarini. Nyumba za waliorejea zina jambo ambalo nyumba ya yule kijana wa Marekani haina, nalo ni shamba lenye wenyewe wawili. Mwaka 2006 Serikali ililazimika kuunda tume maalumu ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kwa sababu waliotoroka 1972 na 1993 walirudi wakakuta mtu mwingine analima. Tangu 2017 wengine zaidi ya 200,000 wamerejea, wengi wao kutoka Tanzania. Ugomvi wa mpaka wa shamba ni ugomvi wa maneno, wa mashahidi, wa bashingantahe kukaa chini ya mti mpaka jua linazama. Unachosha, lakini kesho yake watu wote bado wapo. Weka bastola ndani ya nyumba mojawapo, na siku moja, baada ya chupa mbili za bia ya ndizi, ugomvi wa mita tatu za muhogo utazaa kaburi, na kaburi litazaa kisasi. Nchi hii haihitaji kufundishwa somo hilo mara nyingine.

Haya si mawazo ya Burundi peke yake. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwenyewe. Waligundua kwamba nyumba zenye bunduki zilikuwa na hatari ya kutokea mauaji humohumo nyumbani karibu mara 2.7 kuliko nyumba zisizo nayo, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu waliofahamiana na marehemu. Utafiti huo umebishaniwa sana huko, lakini mzazi yeyote anajua bila kufundishwa na daktari kwamba mtoto hufungua kabati lililofungwa.

Na tukumbuke Novemba 2015. Rais Pierre Nkurunziza alitoa siku chache, mwisho tarehe 7, silaha zote zisalimishwe, na baada ya hapo misako ikapita nyumba kwa nyumba katika mitaa kadhaa ya Bujumbura. Katika wiki zile, silaha ndani ya nyumba haikumlinda mwenye nyumba. Ilimtia hatarini yeye, mke wake, na mpangaji ambaye hakujua chochote.

Tujiulize pia ni nini hasa kilichowafilisi wafanyabiashara wa mji huu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, mitaji ya miaka mingi ikawa majivu kwa asubuhi moja. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza noti mpya za faranga 5,000 na 10,000, na za zamani zikapewa siku 10 tu; aliyekuwa ameweka fedha kwenye magunia akahangaika kuliko aliyekuwa na akaunti. Bastola ingezima moto upi? Ingebadilisha noti ngapi?

Adui mkubwa wa mfanyabiashara wa mpakani ni fedha taslimu zinazotembea naye. Najua kwa nini zinatembea: dola ni adimu, bei ya benki na bei ya mtaani haziongei lugha moja, na muuzaji wa upande wa pili anataka kushika fedha mkononi. Lakini njia zipo za kupunguza mzigo huo. Malipo ya ndani yapite Lumicash au EcoCash. Wanaofanya biashara na watu walewale wa Uvira au Kigoma wafunge hesabu kwa wiki, mmoja akilipa bidhaa za mwenzake, fedha kidogo tu ndizo zivuke. Wasafiri wakiwa kundi, mchana, kwa gari la dereva anayejulikana, na asitangaze mtu sokoni siku anayoondoka. Akina mama wa samaki wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi bila kushika hata kisu. Serikali nayo ina deni lake: askari wa barabarani awe ulinzi, asiwe gharama nyingine ya safari. Mtu akiamini kwamba akipiga kelele atasikiwa, hatauliza bei ya bastola.

Limebaki neno kwa wale ambao hawahitaji kununua kwa sababu tayari wanayo, ile iliyoachwa chini ya kitanda tangu vita. Mwaka 2007 utafiti wa Small Arms Survey na Ligue Iteka ulikadiria kwamba kaya karibu 100,000 nchini zilikuwa na silaha. Mwaka 2009 ulifanyika mpango wa kuzirudisha kwa hiari, na waliorudisha walipewa vitu vya shukrani kama simenti na vitenge. Wapo waliocheka: bunduki kwa simenti? Lakini simenti ile leo ni ukuta wa nyumba, na hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Aliyebaki na silaha asingoje msako, aiambie mamlaka mapema kupitia mtu anayeaminika mtaani, awe kiongozi wa dini au mzee.

Na vijana wanaopenda shabaha? Sisemi tuwanyime. Shirikisho la michezo likitaka, na lianze kama alivyocheza Dikeç: bunduki na bastola za hewa, ukumbi wa mita 10, mwalimu, na stoo yenye kufuli ambamo silaha hubaki baada ya mchezo. Nchi iliyompa dunia Vénuste Niyongabo na dhahabu yake ya Atlanta 1996 inaweza pia kutoa mtu mwenye mkono mtulivu. Siku hiyo ikifika, tutampigia makofi, naye atakwenda nyumbani mikono mitupu.

Kwa leo, ndugu mfanyabiashara, ukiwa na fedha za kununulia bastola ya kwanza, ziongeze kwenye mtaji. Piga hesabu na mwenzako wa ng'ambo, tafuta wenzako watano wa kusafiri nao, kisha ondoka asubuhi.