Mkonge wetu si wa kamba na vyondo tu

Wasee wa Kitui na Makueni, hebu tuongee. Nyuzi za kaboni zinazounda mabawa ya ndege ni ngumu balaa, lakini gundi inayozishikanisha ikiachia, bawa linaachana tabaka kwa tabaka. Ndio maana watafiti wanazivika nanotyubu, vijinywele vya kaboni visivyoonekana kwa macho, ili gundi ipate pa kushika.

Sasa cheki mkonge wetu. Shida ni ile ile: uzi una nguvu, ila gundi inateleza. Tofauti ni kwamba dawa yake ni rahisi. Unaloweka nyuzi kwenye maji ya kostiki soda, kwa kipimo na glavu mkononi, nta inatoka, uzi unakuwa na makwaruzo, gundi inashika.

Ulaya wanaunda paneli za milango ya magari kwa nyuzi za mimea. Huku kwetu mama anakwangua mkonge kutwa nzima, anauza kwa kilo, na broka ndiye anashiba. Hiyo si haki. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu vifundishe hii kazi, tuuze dari na viti, si uzi mtupu. Ama mwaonaje?