RANGI JUU YA KUTU

Hapana mwananchi wa visiwa hivi mwenye gari asiyeijua kutu. Huanza kidogo chini ya mlango au pembezoni mwa gurudumu. Rangi huvimba mfano wa lengelenge, na mwenyewe akibonyeza, kidole huzama. Hapo ndipo aendapo kwa fundi, na hapo ndipo uanzapo upotevu tunaotaka kuuzungumza leo, kwani fedha nyingi za watu, na za Serikali pia, huishia katika rangi isiyovuka masika ya pili.

Kabla ya kuwanyooshea kidole wengine, tukiri kosa letu. Gari letu la kupelekea magazeti mashamba lilipochakaa, tuliwaita mafundi watatu watutajie bei. Wawili walikaribiana, wa tatu alitaka nusu yake, na akaahidi kulitoa kwa siku tatu. Tulimchagua huyo, na katika vitabu vyetu vya hesabu tulionekana watu wa kubana matumizi. Gari lilitoka liking'ara kama la arusi. Kabla ya mwaka kwisha malengelenge yalirudi pale pale. Fundi mwengine alipokwangua alikuta puti imetandazwa juu ya kutu, na chini ya puti chuma kimekuwa unga. Tukalipa tena, safari hii pamoja na gharama ya kukata bati na kuchomelea jipya.

Adui ni chumvi. Chumvi ya kawaida huvuta maji ya hewani pindi unyevu upitapo kiasi cha asilimia 75, na katika pwani yetu kiwango hicho hupitwa mara nyingi, hasa nyakati za usiku. Kwa hiyo gari lililorushiwa maji ya bahari huendelea kurowa hata kiangazi. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi kutoka chini. Tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa jumla zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi nyembamba kama hiyo haiwezi kuzuia kilichokwisha kuwamo ndani. Basi kazi yenyewe hasa ni kuosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kukwangua mpaka chuma kionekane cheupe, kupiga msasa, na kupaka rangi ya awali ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Mambo haya hula siku nyingi na mikono mingi, na yakisha hayaonekani. Fundi anayetaka kushusha bei huanzia hapo.

Halafu huja rangi yenyewe. Ipo ikaukayo kwa kuruka kwa thina peke yake, nayo ni rahisi. Na ipo inayochanganywa na kigumisho, mafundi hukiita hadina, ambayo huganda isiyeyuke tena. Katika jua letu na hewa yetu hii ya pili hudumu zaidi kwa mbali. Wenye gari wengi hulipia ya pili wakapakiwa ya kwanza, tena iliyozimuliwa kwa petroli. Kuipima si kazi ngumu: baada ya rangi kukauka vyema, chovya kitambaa ndani ya thina, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikijaa kitambaani, umeibiwa.

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa afisi za ugavi. Zabuni inayosema "kupaka rangi gari moja" na kumpa kazi mwenye bei ya chini humwadhibu fundi mwaminifu, maana yeye amehesabu kazi ambayo mwenziwe hakukusudia kuifanya. Hati na itaje ukwanguaji, rangi ya awali na aina ya rangi ya juu. Mkaguzi asiende gari likisha kung'ara. Aende siku lilipo uchi, kabla ya puti, na malipo ya kwanza yafuate saini yake ya siku hiyo. Kwa magari yavukayo baina ya Unguja na Pemba tungeongeza sharti la kuoshwa chini kila yashukapo bandarini. Ndoo chache za maji si gharama ya kujadiliwa katika kikao.

Liko jambo moja tusingependa kulipita. Mvuke wa kigumisho hicho ukipulizwa huweza kumtia fundi pumu ya maisha, na kitambaa afungacho puani hakiuzuii. Kijana anayepuliza rangi uchochoroni kutwa nzima anatupunguzia bei kwa mapafu yake. Gereji itakayoweka ndani ya hesabu yake barakoa ya kupitishia hewa safi itakuwa ghali kidogo, na tunaomba afisi za Serikali ziwe za kwanza kuilipa bei hiyo bila ya kuikata.