Wakutubi wa vyuo vikuu na stadi za takwimu kwa wanafunzi wa biashara

Na Mwandishi Wetu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilionesha kuwa Mkoa wa Mbeya una zaidi ya watu milioni 2.7. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa huo watu takriban milioni 2.3. Mwanafunzi wa Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Biashara anayeandaa andiko kuhusu soko la mafuta ya kula anaweza kuziweka namba hizo katika jedwali moja na kuhitimisha kuwa wateja wa Mbeya wamepungua. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na Sensa ya 2022 iliukuta una watu zaidi ya milioni 1.3. Eneo lilelile lililohesabiwa mwaka 2012 limeongezeka watu karibu milioni moja. Mwekezaji atakayeliamini andiko hilo atapeleka mtaji wake kwingine.

Kosa la namna hii halitokani na udhaifu wa hesabu, kwani programu ya kompyuta hukokotoa chochote inachopewa. Linatokana na kutojua namba imekusanywa lini, na nani na kwa mipaka ipi. Hapo ndipo penye utaalamu wa mkutubi, ambaye tangu zamani kazi yake ni kutambua chanzo cha maandishi na kutofautisha toleo moja na jingine. Takwimu nazo zina matoleo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipobadilisha mwaka wa kizio wa Pato la Taifa kutoka 2007 kwenda 2015, thamani za pato zilikokotolewa upya. Anayeunganisha mifululizo hiyo miwili bila kusoma maelezo yaliyo chini ya jedwali hupata ukuaji ambao haukuwapo.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ina uwezo wa kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni hatua ya kujivunia, ingawa viti pekee havimfundishi mtu kusoma jedwali. Mafunzo ya saa chache mwanzoni mwa mwaka, mwanafunzi akiwa bado hana hata mada ya utafiti, husahaulika upesi. Mkutubi anafaa zaidi kuingia darasani pamoja na mhadhiri wiki ambayo wanafunzi wanachagua data zao. Wahadhiri watasema muhula ni mfupi, na ni kweli; lakini kusahihisha tasnifu iliyojengwa juu ya namba zisizolingana huchukua muda mrefu zaidi.

Lipo pia suala la sheria. Baadhi ya wanafunzi hawa ni waajiriwa wa benki na kampuni, na hutumia kumbukumbu za wateja katika utafiti wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wao pia: majina na namba za simu za wateja si mali ya mtafiti kwa sababu tu anazifikia akiwa kazini.

Matokeo ya Sensa na takwimu za Pato la Taifa hupatikana bila malipo katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na maelezo yake.