Wakanada waisusia Marekani: Mgomo usio na kiongozi wa kuukomesha

Kwa Mkanada anayeishi karibu na mpaka, kwenda Marekani halikuwa jambo la kupangia. Ni kuwasha gari asubuhi, kuvuka, kujaza mafuta ya bei nafuu, kununua maziwa na jibini, kula chakula cha mchana na kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Wenye uwezo zaidi walifunga nyumba zao wakati wa baridi kali na kwenda kuota jua Florida au Arizona kwa miezi kadhaa.

Mwaka 2025 mazoea hayo yalikatika. Shirika la Takwimu la Kanada lilionyesha kuwa Machi mwaka huo, safari za Wakanada waliorudi nyumbani kwa gari kutoka Marekani zilipungua kwa asilimia 31.9 ukilinganisha na Machi 2024. Aprili zilipungua kwa asilimia 35.2. Mei zikashuka kwa asilimia 38.1. Hata Julai, mwezi wa likizo, pengo lilikuwa asilimia 36.9.

Hakuna mpaka uliofungwa. Hakuna serikali iliyopiga marufuku safari. Watu wenyewe, kila familia kwa wakati wake, waliamua kutokwenda.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Ushuru wa forodha ukiwekwa kwa sahihi ya rais, unaweza kuondolewa kwa sahihi. Huu mgomo hauna mwenyekiti, hauna kamati, wala hauna orodha ya madai. Sasa nani atakaa mezani kuumaliza?

Ilianzaje?

Februari 1, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nyingi kutoka Kanada na Mexico. Usiku huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, aliwahutubia wananchi wake. Aliwaomba wanunue bidhaa za nyumbani, na ikibidi wabadilishe mipango ya likizo ili wabaki Kanada.

Ushuru uliahirishwa kwa siku 30, kisha ukaanza Machi 4. Lakini kwa Wakanada wengi, fedha haikuwa ndiyo iliyochoma zaidi. Trump alikuwa akirudia kusema kwamba Kanada inafaa kuwa jimbo la 51 la Marekani, na Trudeau alikuwa akimwita "Gavana". Washington wapo waliolichukulia kama utani. Ng'ambo ya pili lilisikika kama dharau, tena kutoka kwa jirani ambaye majeshi yao yalipigana upande mmoja katika vita kuu zote mbili za dunia.

Maduka ya pombe ya serikali za majimbo, likiwemo la Ontario, yaliondoa chupa za Marekani kwenye rafu. Madukani watu walianza kugeuza kopo kusoma limetengenezwa wapi. Likizo ikaingia kwenye hesabu hiyohiyo: kama hununui juisi yao, kwa nini ukalale kwenye hoteli yao?

Hasira hiyo iligusa hata siasa za ndani. Mwanzoni mwa mwaka chama cha Conservative kilikuwa kinaongoza kwa mbali kwenye kura za maoni. Aprili 28, chama cha Liberal chini ya Mark Carney kikashinda uchaguzi, na kiongozi wa Conservative, Pierre Poilievre, akapoteza hata kiti chake cha ubunge.

Si siasa peke yake

Kusema kila aliyebaki nyumbani ni mzalendo itakuwa kupunguza ukweli. Kuna mambo mengine mawili.

La kwanza ni mfuko. Dola ya Kanada ilikuwa dhaifu, ikibadilishwa kwa takriban senti 70 za Marekani. Hoteli ya dola 200 huko Orlando inakuwa karibu dola 285 kwa mtu anayelipwa Toronto. Kwa familia ya watu wanne, hiyo ni sababu tosha hata bila Trump.

La pili ni hofu. Machi 2025, raia mmoja wa Kanada aliyefika mpakani kuomba viza ya kazi alishikiliwa karibu wiki mbili, na habari yake ikasambaa nchi nzima. Aprili, Marekani ilianza kutekeleza sharti la wageni wanaokaa zaidi ya siku 30 kujiandikisha, jambo lililowagusa moja kwa moja wazee wanaokimbia baridi. Serikali ya Kanada nayo ikawakumbusha raia wake kwamba maofisa wa mpakani wana haki ya kukagua simu na kompyuta zao.

Lakini mfuko na hofu havielezi kila kitu. Dola ya Kanada haikuanza kudhoofika 2025, na bado mwaka 2024 Wakanada walifanya safari milioni 20.4 kwenda Marekani, kwa hesabu za Chama cha Usafiri cha Marekani. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kawaida ilipata maana ya kisiasa. Mtu aliyekuwa na sababu mbili ndogo za kutokwenda alipata ya tatu, kubwa, tena ya kujivunia mbele ya majirani.

Nani anaumia?

Kwa hesabu za chama hicho, Wakanada walitumia dola bilioni 20.5 za Marekani nchini humo mwaka 2024. Fedha hizo zilibeba ajira 140,000. Chama kilionya kuwa kupungua kwa asilimia 10 tu kungeondoa dola bilioni 2.1 na kuhatarisha ajira 14,000. Safari za magari zimepungua kwa zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho.

Kwa uchumi wa taifa zima la Marekani, hizo ni fedha ndogo. Trump mwenyewe, alipoulizwa Aprili kuhusu watalii kupungua, alisema si jambo kubwa. Ukiwa Ikulu, ni kweli halionekani. Ukiwa Point Roberts, huoni kitu kingine.

Point Roberts ni kipande kidogo cha jimbo la Washington kilichoachwa kwenye ncha ya rasi wakati mpaka ulipochorwa. Kina wakazi wapatao 1,000. Kwenda kwa gari sehemu nyingine yoyote ya Marekani ni lazima uingie Kanada kwanza, kisha uvuke mpaka tena. Vituo vya mafuta na sehemu za kupokea vifurushi huko vilijengwa kwa ajili ya watu wa Vancouver. Mteja huyo asipokuja, hakuna mwingine anayepita njia.

Hali inafanana Blaine na Bellingham katika jimbo hilohilo, Plattsburgh huko New York, na Old Orchard Beach huko Maine, ufuko ambao watu wa Quebec wameuzoea kwa vizazi.

Sasa angalia ramani ya kura. Majimbo ya Washington, New York, Maine, Vermont na California yote yalimpa ushindi Kamala Harris mwaka 2024. Majimbo yenye miji hiyo hayakumchagua mtu aliyewakasirisha wateja wake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na safari hii nyasi nyingine hata zilikuwa upande wa Kanada.

Ndiyo maana viongozi wa majimbo hayo walihangaika. Gavana wa Maine, Janet Mills, aliweka mabango ya kuwakaribisha Wakanada. Gavana Gavin Newsom wa California alizindua kampeni ya kuwabembeleza, na mji wa Palm Springs ukatundika bendera za kuonyesha kuwa unaipenda Kanada.

Hata hivyo si majimbo ya Democrat pekee yaliyoguswa. Florida na Nevada zilimpigia Trump, na zote mbili zinawategemea Wakanada. Juni 2025, idadi ya wageni wote walioingia Las Vegas ilikuwa chini kwa takriban asilimia 11 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na meya wa mji huo aliwataja Wakanada miongoni mwa wateja waliopotea.

Upande wa Kanada nao haukutoka bure. Mashirika ya ndege yalipunguza safari za kwenda Marekani, na mawakala waliokuwa wakiishi kwa kuuza tiketi za Florida ilibidi watafute kingine cha kuuza.

Je, umesaidia chochote?

Kama lengo lilikuwa kuondoa ushuru, jibu hadi mwisho wa 2025 ni hapana. Juni, ushuru wa chuma na alumini ulipandishwa hadi asilimia 50. Agosti, bidhaa zisizolindwa na mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini ziliwekewa asilimia 35. Oktoba, Trump alisimamisha mazungumzo ya biashara kwa sababu ya tangazo la televisheni la jimbo la Ontario lililotumia sauti ya Ronald Reagan.

Lakini kusema haukusikika pia si kweli. Julai, balozi wa Marekani nchini Kanada, Pete Hoekstra, alitaja hadharani kususiwa kwa safari na pombe kuwa miongoni mwa sababu za Trump kuwaona Wakanada ni watu wagumu na wabaya kushughulika nao. Jambo lisilouma halitajwi na balozi.

Umesaidia pia nyumbani. Majira ya joto ya 2025 serikali ya Carney ilifuta kiingilio cha hifadhi za taifa, na watoto wakasafiri bure kwenye treni za Via Rail wakiwa na mtu mzima. Familia ambazo zingeenda Maine zilikwenda pwani za nchi yao. Fedha ilibaki ndani.

Utaisha lini?

Kuna mifano miwili ya kujifunza.

Wa kwanza uko Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na kuwashauri raia wake wasiende Uganda, ikidai kuwa wanakamatwa na kuteswa huko. Biashara za Katuna, upande wa Uganda, zilidorora kwa karibu miaka mitatu. Hapo ilikuwa ni uamuzi wa serikali, na serikali ndiyo iliyoumaliza: Muhoozi Kainerugaba alikwenda Kigali Januari 2022, na tarehe 31 ya mwezi huohuo mpaka ukafunguliwa. Wananchi walikuwa wakisubiri ruhusa tu.

Wa pili ni wa Korea Kusini na Japani, na ndio unaofanana zaidi na huu wa Kanada. Julai 2019 Japani ilibana uuzaji wa kemikali muhimu kwa viwanda vya Korea, baada ya mvutano kuhusu fidia za kazi za kulazimishwa enzi za ukoloni. Wakorea wakasusia bia, nguo na safari. Agosti mwaka huo, idadi yao walioingia Japani ilishuka kwa asilimia 48.

Serikali hazikuuzima mgomo ule kwa tangazo. Ulikuja ugonjwa wa UVIKO-19 ukafunga kila kitu, thamani ya yeni ikashuka, na viongozi wapya wakapatana mwaka 2023. Mwaka 2024 Wakorea wapatao milioni 8.8 waliitembelea Japani, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Kwa hiyo wateja hurudi. Lakini ilichukua miaka, bei nafuu na sura mpya uongozini. Kwa muuza mafuta wa Point Roberts, miaka mitatu au minne ni mingi kuliko akiba yake.

Mtihani mkubwa ni 2026. Kuanzia Juni 11, Marekani, Kanada na Mexico zinaandaa Kombe la Dunia kwa pamoja, na mechi nyingine zitachezwa Toronto na Vancouver. Julai mwaka huohuo, nchi hizo tatu zinatakiwa kuupitia upya mkataba wao wa biashara. Mawaziri wanaweza kuafikiana mezani. Ila wenye hoteli za Maine watajua kama mambo yamekwisha pale watakapoona tena magari yenye namba za Quebec kwenye maegesho yao.