Mafolowa Si Wako

Wenzangu wa Malindi na Kilifi, nyumba bila ardhi twaijua. Umejenga, umepiga rangi, lakini kiwanja ni cha mwingine. Siku akikitaka, unang'oa mabati yako. Akaunti yako yenye mafolowa elfu 20 ni nyumba ya aina hiyo.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika masaa kama 6, dunia nzima. Novemba 2024, wakati wa KCSE, Telegram ikafungwa hapa Kenya. Kama biashara yako iko hapo tu, siku hiyo wateja ungewapata wapi?

Mimi niliacha chuo, nakula kwa kontenti, na msimamo wangu ni huu: anzisha jarida lako la baruapepe. Baruapepe haina tajiri mmoja. Wa Gmail na wa Yahoo wote watakupata. Substack unaanza bure, na ukitaka kuhama, orodha ya anwani unaipakua unaondoka nayo.

Usingoje elfu. Anza na watu 10 waliokubali wenyewe. Kuokota anwani za watu si ustaarabu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa. Chagua jambo moja watu wa hapa wanalihitaji, mfano vibarua vya hoteli msimu ukianza. Tuma kila Alhamisi, usiruke hata wiki moja.

Utakua polepole, sikudanganyi. Lakini mia wanaofungua barua yako wanashinda elfu wanaopita tu na kidole.